Maelfu ya PDF, na msomaji mmoja anayesubiri

Taasisi yoyote ambayo imekuwa na tovuti kwa miaka mingi ina rundo la PDF: ripoti za mwaka, fomu, miongozo, mitihani ya zamani, kumbukumbu za vikao. Siku anapojitokeza mtu na kusema kwamba wasioona hawawezi kuzisoma, swali la kwanza mezani huwa ni ziko ngapi na kuzirekebisha kutagharimu kiasi gani. Zinahesabiwa, idadi inatisha, bajeti haitoshi, kikao kinafungwa. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linaloiua kazi hii. Tukianza kwa kuuliza nani anahitaji kusoma nini, na anakihitaji kwa ajili gani, tutajua pa kuanzia hata kama fedha ni chache.

Kwanza tuelewane tatizo lenyewe. PDF ilitoka Adobe mwaka 1993, na shabaha yake ilikuwa ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Kwa hiyo ndani ya faili kuna herufi zilizopangwa mahali pake, basi. Hakuna kinacholazimisha faili iseme kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, na hizi ni seli za jedwali. Tagi zinazobeba taarifa hizo zilianza kutumika na toleo la 1.4 mwaka 2001, na hadi leo mtu anaweza kutengeneza PDF bila kuziweka. Kiwango cha kimataifa cha PDF inayofikika, yaani inayoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, kiitwacho PDF/UA, kilichapishwa mwaka 2012, wakati makabati ya kidijitali yalikuwa yameshajaa.

Pasipo tagi, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea mtu kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kama NVDA au JAWS, hubaki kukisia. Ukurasa wenye safu mbili unaweza kusomwa kwa kuruka kutoka safu moja hadi nyingine katikati ya sentensi. Jedwali la bajeti linageuka mfululizo wa tarakimu zisizo na mwenyewe. Waraka uliopigwa skani hauna hata neno moja la kusoma, kwa kuwa kila ukurasa ni picha tupu. Wala si wasioona peke yao wanaoumia. Mwenye uoni hafifu akikuza maandishi, mistari inatoka nje ya skrini na analazimika kuvuta kushoto na kulia kila mstari. Asiyeweza kushika kipanya anakuta fomu ambayo visanduku vyake havifikiki kwa kibodi.

Kwa sisi wa Kiswahili kuna adha nyingine ndogo inayochosha mno. Faili isipotaja lugha yake, msomaji ambaye kompyuta yake inatumia sauti ya Kiingereza husomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na baada ya kurasa mbili anaacha. Sauti ya Kiswahili ipo, hata katika eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi ambayo huja pamoja na NVDA bila malipo. Kinachokosekana ni faili kutaja lugha. Hilo linaweza kufanywa kwa maelfu ya faili kwa pamoja, kwa programu fupi inayoandika lugha na jina la waraka mahali panapostahili. Kazi za namna hiyo zifanywe kesho asubuhi. Sioni sababu ya kuzisubirisha kikao.

Hata wanaoandika kwa ajili ya kusomwa na dunia nzima hawajafika mbali. Watafiti wa Allen Institute for AI walichunguza makala za kisayansi 11,397 za PDF zilizochapishwa kati ya 2010 na 2019. Zilizotimiza vigezo vyote vitano vya ufikikaji walivyoviweka zilikuwa asilimia 2.4 tu. Nikiona takwimu hiyo namfikiria mwanafunzi asiyeona anayesomea shahada. Kabla ya kuanza kushindana na fizikia, inambidi ashindane na faili.

Hapo ndipo wanapokuja wauzaji na suluhisho lao: programu ya akili mnemba itakayotagi rundo zima ndani ya wiki moja. Sipingi mashine. Kutambua maandishi kwenye kurasa zilizoskaniwa ni kazi yake, na rasimu ya kwanza ya tagi inaokoa muda mwingi. Ninachopinga ni kuiacha peke yake kisha kutangaza kwamba kazi imekwisha. Matterhorn Protocol, orodha ya ukaguzi iliyoandaliwa na PDF Association kwa ajili ya PDF/UA, inataja hali 136 zinazoweza kuifanya faili ishindwe, na 47 kati yake kwa kawaida zinahitaji uamuzi wa binadamu. Programu ya ukaguzi inaweza kuona kwamba picha ina maelezo mbadala. Haiwezi kujua kwamba maelezo yenyewe ni "picha 3", wakati picha ni mchoro wa njia ya kutokea moto unapowaka. Inaweza kuona kwamba jedwali lina tagi, isijue kwamba kichwa cha safu ya pili kimebandikwa kwenye safu ya tatu.

Jambo hili linanitia hofu kuliko mengine yote. Faili isiyo na tagi kabisa humwonya msomaji: anasikia vurugu, anajua kuna tatizo, anatafuta msaada. Faili yenye tagi za uongo husomeka vizuri huku ikisema uongo. Anayesikiliza jedwali la vipimo vya dawa hana ukurasa wa kulinganisha anachokisikia. Mashine ikisoma 1 badala ya 7, au ikimpa mtoto kipimo cha mtu mzima, atakiamini. Heri nyaraka mia zilizopitiwa na mtu kuliko elfu kumi zenye cheti cha programu.

Mia zipi, basi? Fomu na maelekezo ambayo mtu hawezi kupata haki yake bila kuyapitia yatangulie: maombi ya huduma, matokeo, mikataba, rufaa, taarifa za afya. Umoja wa Ulaya ulichora mstari wa namna hiyo katika agizo lake la mwaka 2016 kuhusu tovuti za umma. Nyaraka zilizochapishwa kabla ya tarehe 23 Septemba 2018 zilisamehewa, isipokuwa zile ambazo bado zinahitajika katika shughuli za kiutawala zinazoendelea. Mstari huo naukubali, mradi usigeuzwe kichaka cha kujifichia. Takwimu za upakuaji nazo zinasaidia, lakini zitazamwe kwa tahadhari, kwa sababu zinaonyesha zaidi wale ambao tayari wanaweza kusoma. Aliyejaribu mara moja akashindwa haonekani humo. Ni lazima aulizwe, na vyama vya watu wenye ulemavu vipo kwa ajili hiyo.

Zipo nyaraka ambazo hazikupaswa kuwa PDF tangu mwanzo. Tangazo la kurasa mbili likiandikwa kama ukurasa wa kawaida wa tovuti linasomeka kwenye simu, linakuzwa, linasikilizwa. Hata arXiv, hifadhi kubwa ya makala za kisayansi, tangu Desemba 2023 imekuwa ikitoa HTML, yaani muundo wa kurasa za tovuti, kwa makala mpya zilizoandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kupangia maandishi ya kisayansi, sambamba na PDF.

Kuna njia ya mkato ambayo siikubali hata kidogo: kuondoa kila kitu. Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitangaza kuziondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za mihadhara, baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuona kwamba viziwi na watu wenye ulemavu mwingine hawakuweza kuzitumia ipasavyo. Umma ulizikosa, na wengi wakawalaumu walioomba manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa kwenye video. Kuomba kuingia mlangoni si kuomba nyumba ibomolewe.

Wakati huohuo, rundo lisiongezeke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe uko kwenye meza ya kila mwandishi wa ripoti. Akitumia mitindo ya vichwa vya habari katika Word badala ya kukoleza herufi tu, akaandika maelezo ya picha, na akahifadhi kama PDF yenye tagi badala ya kupitia amri ya kuchapisha kwa printa (Print), ambayo kwa kawaida huzipoteza tagi, atakuwa ametumia dakika chache. Kulirekebisha faili hilohilo baadaye kunaweza kula saa nyingi. Na anayelipwa kusanifu vijitabu, mkataba wake useme malipo ya mwisho hayatoki mpaka faili ikaguliwe.

Kwa zile zilizobaki, kila ukurasa wenye PDF uwe na anwani inayojibiwa na mtu, na idadi ya siku za kusubiri iandikwe palepale. Waraka ulioombwa ukisharekebishwa, uwekwe kwenye tovuti mahali pa ule wa zamani ili anayefuata asilazimike kuomba tena. Na anayeupima awe mtu anayetumia kisoma skrini kila siku, apewe kazi halisi, kama kujaza fomu hadi mwisho au kutafuta kiasi fulani ndani ya jedwali, na alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote.