Sentimita 13 kati ya kiti cha magurudumu na kitanda cha Pilates

Mamangu mdogo alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, kikamwachia mkono na mguu wa kulia usiomtii. Mwezi wa tatu nilimpakia kwenye tuktuk kutoka Manyatta, kiti chake cha magurudumu tumekikunja nyuma, tukaenda Milimani, hapa Kisumu, kwenye jumba moja la mazoezi lililokuwa limeleta mashine za Pilates, mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mwili. Mwenyewe ndiye aliyetaka. Alikuwa ameona kwenye simu mwanamke wa rika lake amelala chali juu ya kitanda chenye springi, anasukuma kwa miguu, akaniambia, "Hilo la kulala naliweza."

Tulipokelewa vizuri. Mlango ni mpana, ngazi hakuna, mwalimu ana subira. Shida ilianza tulipofika kitandani. Kitanda chenyewe huitwa rifoma: fremu ndefu, ndani yake kigari kinachoteleza kwa magurudumu, na springi zinazokivuta upande wa miguuni. Kiti cha Mama pamoja na mto wake kina kimo cha sentimita 48 kutoka sakafuni. Kigari cha ile mashine kilikuwa kwenye sentimita 35. Kushuka alishuka, nimemshika kiunoni, lakini alipokikalia tu kikateleza, kwa sababu springi zote zilikuwa zimefunguliwa baada ya mteja aliyetangulia. Mwalimu alikizuia kwa goti. Kumrudisha kwenye kiti chake tulikuwa watu watatu. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika Kondele. "Mwanangu, kile kitanda kimetengenezewa watu waliokwisha kupona."

Maneno hayo yaliniuma zaidi kwa sababu ya asili ya mashine yenyewe. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, alikuwa Uingereza Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, akazuiliwa pamoja na Wajerumani wenzake, hatimaye katika kambi ya Knockaloe kwenye kisiwa cha Man. Walimu wa Pilates husimulia kwamba huko ndiko alikofunga springi kwenye fremu za vitanda vya wagonjwa, ili wanyooshe viungo wakiwa wamelala. Baada ya vita alihamia New York, na wacheza dansi wakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Mcheza dansi hashindwi na kitanda cha chini. Hivyo chombo kinachosimuliwa kuwa kilianzia kitandani kwa mgonjwa kimefika kwetu kikiwa chini ya goti, na mgonjwa hakifikii.

Nimekuwa nikiuliza watu tangu siku ile kama inafaa kuhangaika kukifanya kifikike. Majibu yanapingana, na kila upande una haki yake.

Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia ninayemheshimu sana, aliyefanya kazi hospitali za umma kwa miaka mingi, hataki kusikia habari hiyo. Kwake ni anasa. Anasema kazi ya springi anaijua: springi ikishika mguu dhaifu kutoka juu, uzito wa mguu unapungua, na msuli ambao haungeweza kuuinua unapata nafasi ya kuusogeza. Wenzake wamefanya hivyo kwa miongo mingi kwa fremu za chuma zenye kamba, ndoano na vitambaa vya kuning'inizia miguu. Kwa nini tununue chombo cha bei kubwa kwa kuwa tu kina jina la kisasa, na wagonjwa wa kiharusi wanarudishwa nyumbani kabla hawajajua kugeuka kitandani?

Halafu ana hofu ambazo si za kupuuzwa. Mguu uliopooza kwa muda mrefu, mifupa yake hupungua nguvu na inaweza kuvunjika kwa kuvutwa tu. Ngozi isiyo na hisia huchubuliwa na mkanda bila mwenyewe kujua, na kwa mtu wa kukaa siku nzima mchubuko unaweza kugeuka kidonda cha miezi. Aliyeumia uti wa mgongo juu, kuanzia kifuani kwenda shingoni, anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla kwa kitu kidogo kama mkanda uliobana au kibofu kilichojaa, na hilo ni jambo la kuua. Mwalimu aliyefundishwa kuwanyoosha watu wazima wenye afya hatazijua dalili hizo. Nilimsikiliza nikakumbuka lile goti la mwalimu wetu, na kigari kikiondoka chini ya Mama.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kila jumba la mazoezi lifungue mlango kesho na kumpokea yeyote. Mtu mwenye uti ulioumia aanze na fizio, na mwalimu apewe kwa maandishi yasiyotakiwa kufanywa.

Ila mtaalamu wangu alimalizia kwa sentensi ambayo nimeisikia kwa wengi, na hapo ndipo tunapoachana. Alisema Pilates haihitaji mashine, mkeka unatosha. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mazoezi haya hufanywa sakafuni bila kifaa chochote. Lakini mkeka uko sentimita sifuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo tulivyofunzwa. Huyu hawezi kuinama, na akiinama hainuki. Kumshusha Mama hadi sakafuni kunahitaji watu wawili, na kumwinua kunahitaji watu wawili wenye mgongo mzuri. Binti yake ana miaka 19 na tayari analalamika kiuno. Ukiuliza gharama ya mkeka ni shilingi ngapi, uliza pia ni nani anayelipa kwa mgongo wake kila jioni. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kwa mtu mwenye shida ya kutembea, kifaa cha bei nafuu kuliko vyote ndicho kilicho mbali kuliko vyote.

Na hawa si wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu nchini, kuanzia umri wa miaka 5, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wenye shida ya kutembea. Ongeza wazee wa magoti mabovu ambao hawajiiti walemavu. Ongeza vijana wa bodaboda: keti nje ya idara ya fiziotherapia ya hospitali yoyote kubwa, kuanzia hapa hadi Nakuru, uangalie ni wangapi wamekuja na vyuma mguuni. Kwa mguu uliovunjika, kusukuma springi umelala kuna faida ambayo squati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, haina: unapimiwa mzigo kidogo kidogo, na uzito wa mwili haukai juu ya goti.

Upande wa pili una wenye majumba, na nao hesabu yao ni ya kweli. Mmoja alinieleza bila kuficha. Darasa la saa moja lenye mashine sita linalipa kodi ya nyumba. Mteja wa kiti cha magurudumu anachukua mwalimu mzima peke yake, na dakika zisizopungua 15 zinaishia kwenye kuhama tu, kwenda na kurudi. Akimtoza bei ya kawaida anapata hasara. Akimtoza zaidi ataitwa mbaguzi. Sikuwa na la kumjibu papo hapo. Baadaye niliona kwamba sehemu kubwa ya zile dakika 15 inatokana na tofauti ya kimo. Mtu anayehama kutoka kiti kwenda kitanda cha kimo kilekile huteleza juu ya ubao mlaini, makalio yakifuata mikono, na wengi wenye mikono mizuri hujifanyia wenyewe. Mtu anayeshushwa sentimita 13 huinuliwa. Kwa hiyo hasara anayoihesabu mwenye jumba imo ndani ya miguu ya mashine yake. Tena jumba lake huwa tupu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, wakati ambao mtu kama Mama hana pengine pa kwenda.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya hali yake. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Hata hivyo sisi tumezoea kusoma maneno hayo kama amri ya kujenga rampu. Rampu ikishajengwa, picha inapigwa, na mtu anaingia ndani kwa raha hadi kwenye chombo asichoweza kukikalia. Sioni kama mahakama ndiyo njia ya kwanza hapa. Mwenye jumba akitishwa ataandika tu mlangoni kwamba darasa ni la "wenye afya njema".

Mimi nilikwenda sokoni Kibuye, kwa fundi wa kuchomelea chuma.

Kabla ya kueleza hilo, kuna jambo dogo la kisheria linalostahili kujulikana na mafundi wetu. Kwa miaka kadhaa jina Pilates lilikuwa na mtu aliyedai ni mali yake huko Marekani, akiwashtaki waliolitumia. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho ya New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, kama vile yoga au karate, na alama hiyo ya biashara ikafutwa. Joseph Pilates mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1967. Basi fundi wa Kisumu akichomelea kitanda akakiita cha Pilates, haibi jina la mtu.

Hilo haliniambii kwamba achomelee chochote. Hapa nagawanya kazi mara mbili, na najua wapo watakaoniona mwoga. Kigari, reli na springi nisingempa fundi wa jua kali. Springi ikikatika ikiwa imevutwa, inaruka kama fimbo, na juu ya kitanda amelala mtu asiyeweza kukwepa. Watengenezaji wengi hushauri springi zibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi hata kama zinaonekana nzima, na hapa kwetu karibu na ziwa ningeziangalia kutu kila mwezi. Lakini kimo ni chuma kilichosimama tu. Kenya imewahi kuthubutu zaidi ya hapo: Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kilichoanza mwaka 1958, kimekuwa kikitengeneza viti vya magurudumu humu nchini. Ikiwa tunaweza kuunda kiti anachokalia mtu maisha yake yote, hatushindwi na miguu minne ya kitanda.

Fundi aliniuliza swali ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa ameniuliza: "Miguu yake inafika chini akikaa?" Akataka tumlete. Akampima kwa futi kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, akapima kiti, akapima na mto ukiwa umekaliwa, kwa sababu mto hudidimia. Alikuwa na maana. Kitanda kikiwa juu mno, mtu anayehama mwenyewe ananing'inia miguu hewani na kuteleza mbele. Kikiwa chini mno, haamki. Tulikubaliana kwenye 47. Hakutoboa mashine hata tundu moja. Alitengeneza fremu ya chini ya chuma cha mraba, pana kuliko rifoma kwa kiganja kila upande isiyumbe, rifoma ikitumbukia ndani yake na kufungwa kwa bolti nne zinazofunguka. Kwenye nyayo za fremu alipigilia vipande vya tairi. Upande mmoja akaweka kidaraja cha mbao kinachosukumwa chini ya fremu, cha wateja wafupi wanaotembea. Kazi yote ililipwa bei ya mbuzi dume mmoja mnono, na mwenye jumba alikubali iwekwe kwenye mashine moja kati ya zake.

Kuna lawama moja ya haki juu ya mpango huu: mtu mwenye afya anayependa kusimama juu ya kigari sasa akianguka anaanguka kutoka juu zaidi. Ni kweli. Kwa hiyo kwenye mashine ile hakuna kusimama, na mwalimu ameandika hivyo ukutani. Tano zilizobaki zinawatosha wanaotaka kusimama. Ameandika pia sharti la pili, ambalo lingetuokoa siku ya kwanza bila kuchomelea chochote: springi zote zifungwe kabla mtu hajakaa.

Wiki jana Mama alihama kwa ubao, mimi nimesimama pembeni mikono wazi, sijamgusa. Kigari hakikusogea. Alilala, akashusha pumzi, mwalimu akamwachia springi moja nyepesi, akasukuma kwa mguu wa kushoto mara nane. Wa kulia ulisukuma kidogo, kama upana wa vidole vinne, kisha ukachomoka kwenye papi ya miguuni, ile inayosukumwa kwa nyayo. Tukaurudisha, ukachomoka tena. Mguu usio na nguvu ya kujishikilia unahitaji kitu cha kuukamata kisigino, na mkanda wa kawaida ungemchuna ngozi. Jumatatu nitapeleka kipimo cha kisigino chake kwa fundi viatu; anasema ana ngozi ya kondoo iliyobaki.