Mwanafunzi wa sheria aliyembana daktari, na wenzake wanaoshona majalada

Hospitali ninayofanyia kazi hapa Massachusetts ina chumba cha mikutano ambacho siku fulani kinageuka mahakama. Jaji anakaa kichwani pa meza, mgonjwa anakaa na wakili wake, na mbele yao yupo daktari anayetaka mgonjwa abaki wodini hata kama hataki. Mimi huingia kwa sababu kazi yangu ni kumsindikiza mgonjwa. Juzi aliyesimama kumhoji daktari ni binti wa chuo cha sheria, yuko mafunzoni kwa mawakili wa umma wanaotetea wagonjwa wa akili. Kanuni za mahakama za jimbo hili zinamruhusu, mradi awe amefika hatua fulani ya masomo na awe chini ya wakili kamili. Wakili huyo alikaa pembeni, kimya.

Habari za mgonjwa siandiki, ni siri yake. Ila swali la yule binti sijalisahau. Daktari alikuwa ameeleza kwa kirefu jinsi mgonjwa alivyo hatari. Binti akafungua faili, akauliza: "Hayo uliyoyasema, umeyaona kwa macho yako au umeyasoma humu?" Daktari akanyamaza kidogo, akajibu kwamba ameyasoma. "Aliyeyaandika yupo leo?" Hayupo. Binti akakaa chini. Jaji akaandika.

Nilitoka pale nimefurahi, na kabla sijafika kwenye lifti furaha imegeuka hasira. Nami nilisoma sheria nyumbani, Tanzania. Fildi yangu, yaani mafunzo ya vitendo, niliifanya kwenye masijala ya mahakama moja ya wilaya, nikishona majalada kwa sindano na uzi, natafuta namba za kesi, naandika tarehe za kutajwa. Siku moja alipandishwa kizimbani kijana anayeongea peke yake, shati amelivaa nje ndani. Akaulizwa kama shtaka ni kweli, akacheka. Upelelezi haujakamilika, kesi ikaahirishwa, akarudishwa rumande. Tulikuwa wanafunzi watatu mle ndani, tumekaa benchi la nyuma na madaftari yetu. Hakuna aliyetutuma tukamsikilize, na hakuna aliyeona ajabu kwamba hatukutumwa.

Najua mtakachosema. "Ameona theluji, sasa anatufundisha kazi." Kaka, sikuja kuisifia Marekani. Jela za Los Angeles, Chicago na kile kisiwa cha Rikers kule New York zimejaa wagonjwa wa akili kuliko hospitali nyingi. Hata hizi haki ninazozisema zilipatikana kwa kugombana mahakamani. Kenneth Donaldson alifungiwa hospitali ya akili Florida karibu miaka 15 kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijasema, mwaka 1975, kwamba mtu asiye hatari na anayeweza kuishi salama nje hawezi kuzuiliwa tu hivi hivi. Hapa Massachusetts, tangu 1978, anayetaka mgonjwa azuiliwe lazima athibitishe bila kuacha shaka, kiwango kile kile cha kesi ya jinai. Kumshikilia mtu kwa dharura ni siku tatu. Wakitaka zaidi wanapeleka maombi kwa jaji, na mgonjwa asiye na pesa anapangiwa wakili.

Sasa tuangalie kwetu. Sheria zetu si mbaya kiasi hicho, na hilo ndilo linaloniuma. Mahakama ikitilia shaka akili ya mtuhumiwa inaweza kumpeleka hospitali ya akili, na mganga anapewa siku 42 kuandika taarifa. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Lakini siku ya 43 nani anauliza taarifa iko wapi? Mwenye kesi ya mauaji atapangiwa wakili na mahakama. Aliyevunja vioo vya ofisi ya kijiji, je? Na yule aliyetaka kujiua akaokolewa, ambaye Kanuni zetu za Adhabu zinamhesabu mkosaji? Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu yao imekifuta kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Kwetu mtu anaweza kutolewa dripu leo na kesho yuko kituoni, hana wa kumsemea.

Hapo najua wengi wenu mtanijibu: kwetu kuna familia, si kama hao Wazungu wanaotupana. Ni kweli, na ninajivunia. Nimewahudumia hapa wagonjwa wasiotembelewa na mtu hata sikukuu. Lakini jamani, tuseme ukweli. Katika kesi hizi mlalamikaji mara nyingi ni familia yenyewe. Nyumba iliyochomwa ni ya mama. Aliyepigwa panga ni kaka. Mjomba anayempenda kijana ndiye huyo huyo anayemwomba mkuu wa kituo "mkae naye kwanza, tupumzike". Simlaumu, amechoka, hajalala usingizi mzuri tangu kijana aanze kuumwa. Ila huwezi kumfanya mtu mmoja awe mlalamikaji, mdhamini na mtetezi. Mgonjwa anahitaji mtu ambaye kazi yake ni kusimama upande wake tu.

Mtu huyo tunaye. Tunao wengi, wanafunzi wa sheria, kila mwaka wanamaliza vyuo. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria, wanakopita wahitimu kabla ya kuwa mawakili, yalipotoka, wanafunzi 633 na waliofaulu moja kwa moja 26, nchi nzima ilibishana. Wengine wakasema Kiingereza, wengine wakasema vyuo vinapitisha wasiojua. Sikusikia wengi wakiuliza hao vijana walishawahi kukaa na mteja mmoja aliye hai, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamwandikia barua.

Angalieni Dodoma. Hospitali ya akili ya Mirembe iko pale. Isanga, wanakopelekwa wagonjwa waliotoka mahakamani, iko pale pale. Na Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa sheria wanaohangaika kila mwaka kutafuta nafasi za fildi. Hawa watu wanaishi mji mmoja!

"Mwanafunzi hajui kitu, atamharibia mtu kesi." Nani kasema asimame mahakamani kesho? Hilo la kusimama litahitaji kubadilisha kanuni, na lije kwa wakati wake. Kuna kazi isiyohitaji ruhusa ya Bunge. Kumtembelea mgonjwa. Kusoma jalada lake na kuona taarifa ya mganga ilitumwa lini, kama ilitumwa. Kumtafuta ndugu ambaye namba yake ya simu imebadilika. Kuna mtu mahakama ilishaona alitenda kwa sababu ya ugonjwa, taarifa zake zikapelekwa kwa Waziri, mgonjwa akapona, akakaa anasubiri uamuzi. Mwanafunzi anaweza kumwandalia maombi, wakili akayakagua na kutia sahihi. Na vijana wetu wana kitu ambacho yule binti wa hapa hana. Yeye mara nyingi anahitaji mkalimani kuongea na mteja wake. Wetu wanaongea na mteja Kiswahili, na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu.

Dada mmoja aliniambia kwenye simu kwamba nikirudi na mimi nitakaa kimya kama wengine. Labda anadhani umbali ndio unaonipa mdomo. Hoja hii niliisema nikiwa bado fildi, nikaambiwa nimalize kushona majalada kwanza. Kinachotakiwa ni chuo na hospitali kuandikiana makubaliano, wakili mmoja mwenye moyo akubali kuwa supavaiza, na orodha ya waliokaa muda mrefu bila kuulizwa. Kama unafundisha sheria pale Dodoma na umesoma mpaka hapa, anza na hiyo orodha.