Mguu wa mzee umeenda na maji

Jamani nimeona vituko ila hiki kiacheni. Huku Marekani kuna vikundi vinavyowapeleka wanajeshi wastaafu walioumia vitani kuvua samaki mtoni kwa nzi bandia (ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu), yaani ule uvuvi wa kupeperusha mshipi nyuma na mbele. Mambo haya yalishika kasi kuanzia 2005 pale hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, afisa mmoja mstaafu wa jeshi la majini anaitwa Ed Nicholson, aliyekuwa anatibiwa hapohapo, akaanza kuwafundisha majeruhi waliokuwepo. Sisi kikundi chetu ni kidogo tu, mi nilijitolea, kazi yangu kubeba wavu na kuhakikisha mtu haanguki majini. Kazi nyepesi eti.

Nikapangiwa mzee mmoja, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti, mdomo ndo mzima kabisa. Siku hiyo jua kali kwa hiyo zile suruali za mpira tukaziacha, tukaingia na kaptula. Mzee kurusha anajua bwana. Mi nilikuwa nadhani unamrusha yule nzi, kumbe nzi mwenyewe hana uzito wowote, kinachoenda ni uzito wa mshipi, unapeleka ufito nyuma mpaka namba 2 ya uso wa saa, unasubiri mshipi unyooke, halafu unauleta mbele mpaka namba 10. Nilipojaribu mimi nilijifunga mwenyewe mpaka mzee akauliza kama nimetekwa.

Sasa tukasogea ndani kidogo, maji juu ya magoti, mguu wa bandia ukaingia katikati ya mawe mawili ukanasa. Vuta, wapi. Na palepale samaki, trauti, akala! Ufito ukapinda, mzee hawezi kusogea, samaki anakimbilia chini mtoni.

Akaniambia, dogo, pembeni ya mguu kuna kitufe, kibonyeze.

Nikamwambia mzee nikibonyeza utasimamia nini?

"Nitasimamia wewe."

Nikainama, uso nusu uko majini, napapasa, nikakipata, nikabonyeza, ile pini inayoshikilia mguu ikaachia na mzee akachomoka akanidandia mabegani huku anazungusha kigurudumu cha mshipi kama hakuna kilichotokea. Yaani mi nina mtu mzima shingoni, wavu mkono mmoja, miguuni mawe yanateleza balaa, halafu kwa pembeni ya jicho naona mguu unajinasua wenyewe taratibu, unaibuka, buti limetangulia juu, huoo unaondoka na maji.

Nikapiga kelele mzee mguu! Mguu unaenda!

"Achana na mguu, shika samaki!"

Mzee ule mguu ni hela nyingi!

"Mguu serikali itanipa mwingine, huyu samaki nani atanipa?"

Basi tukamshika samaki. Urefu wake kiganja changu tu, tena cha kwangu ni kidogo. Na mto wenyewe sheria yake ukinasa unaachia, kwa hiyo akarudishwa majini akajiendea zake bila hata asante.

Huku chini alikuwepo mvuvi mwingine, sio wa kikundi chetu, hana habari na lolote, ametulia zake na mshipi wake. Nzi wake akajizungusha kwenye kamba za buti. Jamaa akahisi uzito akajua leo nimepata, akavuta kwa ufundi wote, akapeleka na wavu chini... weee. Nilisikia ukelele nikajua huo sio wa samaki. Anaita watu watoke majini kuna mtu kakatwa! Kugeuka anamwona mzee anakuja anaruka kwa mguu mmoja, kanishika bega, anacheka, anapunga mkono, "Wangu huo! Wangu!" Jamaa akakaa chini. Majini humohumo.

Mzee alipofika hata pole hakumpa, akamwambia mto huu ni wa kunasa na kuachia, kwa hiyo niachie.

Wastaafu wenzake walicheka mpaka mmoja ikabidi ashikiliwe asidondoke, kisha wakatoa futi ya kupimia samaki wakaulaza ule mguu kwenye nyasi wakapima, wakamtangaza yule jamaa mshindi wa siku. Mzee akakata rufaa papo hapo, anadai buti lisihesabiwe.