Laptopu Iliyonuka Vibua

Kama hujawahi kuwa katibu wa kamati ya harusi Dar es Salaam, shukuru. Watu hudhani kazi ni kuandika mihtasari. Kazi ni kujua nani aliahidi laki mbili mbele za watu akapigiwa makofi, na sasa hapokei simu. Harusi ilikuwa ya mdogo wangu, na majina yote, ahadi zote na malipo yote yalikaa kwenye faili moja ndani ya laptopu yangu ya mtumba. Kiswahili sanifu kinaiita kompyuta mpakato, ya kupakatwa kama mtoto. Yangu ilikuwa imeanza na kulia.

Ilianza kwa kuvuma. Vuuuuu, kama daladala iliyojaza abiria ikipandisha Kimara. Mke wangu akawa anaiangalia kwa jicho la pembeni. "Baba Junior, hiyo mashine inapumua." Nikampelekea fundi wa Kariakoo, kijana mwenye kimeza chake chini ya ngazi. Akafungua skrubu, akachukua mswaki wa zamani, akaanza kusugua feni. Lilitoka vumbi la Tabata nzima, na juu yake bawa la mende. Moja. Mpaka leo sijui mwenyewe yuko wapi.

Shilingi 15,000, nikarudi nyumbani na mashine kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Nikaiwasha usiku nipitie ahadi. Hapo ndipo nilipoisikia ile nyingine.

Tak. Tak. Tak. Krrr. Tak.

Kumbe feni ilikuwa inaifunika siku zote, kama jenereta la jirani linavyofunika nyayo za mwizi. Nikampigia fundi, akaniambia niweke simu juu ya kibodi asikilize.

"Inagonga kwa mpigo sawa?"

"Sawa kabisa."

"Ukifungua faili inaganda?"

"Imeganda sasa hivi."

"Basi bosi, hiyo siyo feni. Feni huvuma, na mashine ikipata joto ndiyo inazidi. Hiyo ni hadi diski, pale faili zako zinapokaa. Kichwa kinatafuta mahali pa kusoma hakipaoni, kinarudi kwake, kinajaribu tena. Una kopi?"

Nilikuwa na flashi mbili. Moja ilijaa singeli. Ya pili nayo ilijaa singeli.

"Zima," akasema. "Usiwashe tena hata kwa kuonja. Kesho kutwa niletee, tuvute kwanza vitu vyako tuweke kwenye diski nyingine, mambo ya kuchunguza baadaye."

Ningemtii, wallahi. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kikao. Sasa wewe fikiria: katibu anasimama mbele ya kamati anasema orodha ya michango ipo ndani ya kompyuta na kompyuta ni mgonjwa. Watu hawasikii habari ya diski hapo. Wanasikia "hela zimeliwa." Kwa hiyo niliibeba, nikaiwasha mbele ya watu kumi na wanne, nikawaambia wasikilize wenyewe.

Tak. Tak. Tak.

Sebule ikanyamaza. Waliokwisha lipa walishika tama. Wasiolipa, na nilikuwa nawaangalia mmoja mmoja, walikuwa na sura ya mtu aliyesikia mechi imevunjika kwa mvua huku timu yake imeshafungwa tatu. Aliyeng'aa kuliko wote alikuwa Ba'mdogo.

Lazima nieleze habari za Ba'mdogo. Kikao cha kwanza alisimama, akashika koti, akaahidi laki tano. Wiki mbili baadaye alinijia usiku, peke yake, akanivutia kwenye kona ya ukuta. "Mwanangu, ile tano ifanye mbili. Lakini kimya kimya." Nikaifanya mbili. Hiyo mbili nayo hakuwa ameitoa.

Shauri zikaanza. Shangazi alisema ni jini, lisomewe. Mjomba akataka tuitikise. Ba'mdogo akainua mkono kwa utulivu wa daktari bingwa. "Hiyo mnaweka kwenye friza usiku mmoja. Chuma kikipoa kinasinyaa, kinaachia."

Aliyasema kwa uhakika ambao mimi sijawahi kuwa nao kuhusu jambo lolote. Na friza alikuwa nayo, kwa sababu Ma'mdogo anauza samaki. Niliifunga laptopu kwenye mfuko wa rambo (ilipigwa marufuku 2019, lakini Ma'mdogo anayo akiba ya kumaliza kizazi hiki), nikailaza katikati ya vibua na changu, nikafunika. Saa sita usiku umeme ukakatika. Saa tisa ukarudi.

Jumatatu fundi akaifungua. Akatulia. Akainama, akanusa.

"Bosi, hii ililala wapi?"

"Nyumbani."

"Mbona inanuka vibua?"

Nikasema kweli. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliitoa diski, akaigeuza, akanionyesha tundu dogo kama la sindano, pembeni yake pameandikwa kwa Kiingereza lisizibwe. Hapo ndipo hewa inapopitia, akasema, na ikiingia na unyevu, ukitoka kwenye baridi kuja kwenye joto la Dar, maji yanatuama juu ya sahani ya ndani, ile inayobeba faili. "Sahani hii inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Kichwa kinaelea juu yake bila kuigusa, katikati yao unywele haupiti. Wewe umeingiza ukungu." Akaipachika kwenye kasha la nje, akachomeka. Tak, tak, halafu hata ile tak ikakoma. Akaniambia wapo wanaofungua diski kwenye vyumba visivyo na vumbi, akanitajia na bei. Nikaomba maji ya kunywa.

Nilishuka Tabata kwa miguu kutoka kituoni, nikitunga maneno ya kuiambia kamati. Nikapita steshenari pale njiani, nikakumbuka. Wiki tatu nyuma nilikuja hapa kuchapa orodha, na flashi yangu ilikuwa na kirusi, kimegeuza mafolda yote kuwa shortcut, ikabidi yule dada ahamishie faili kwenye kompyuta yake kwanza.

"Dada, samahani, hivi vitu vya watu huwa unafuta?"

"Mie? Sifuti kitu cha mtu, kaka."

Akanigeuzia kioo. Mwenyezi Mungu! CV za nusu ya Tabata. Barua za kuomba kazi, risala za mahafali, mkataba wa pango wa mwenye nyumba wangu (kumbe chumba cha jirani ni elfu hamsini pungufu ya changu), na chini kabisa kushoto: MICHANGO HARUSI FINAL 2. Siku nyingine ningelalamika kuhusu siri za watu. Siku hiyo nilimnunulia soda.

Orodha ilikuwa ya zamani, lakini waliolipa tangu wakati huo niliwapata kwenye meseji za miamala, mmoja baada ya mwingine. Kila badiliko lilikuwa na ushahidi wake. Isipokuwa moja, lililofanyika usiku, kwenye kona ya ukuta.

Jumapili nikasoma orodha kwa sauti. Nilipofika kwake nilikohoa.

"Ba'mdogo, laki tano. Bado."

Akanyanyuka nusu. Akafungua mdomo. Akamwangalia Ma'mdogo, akawaangalia wakwe, akaniangalia mimi. Akakaa.

Jumatano usiku simu ikalia. Shilingi 500,000 zimeingia. Nyuma yake meseji: "Nimetuma. Na mwambie huyo dada wa steshenari afute."