Kazi ya Kutoa Matoleo Tusiwaachie Wengine

Vijana wengi wa Kampala wanaotaka kuingia kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, huanza kwa kutafuta hitilafu ndogo ya kurekebisha, majina yao yaonekane kwenye msimbo. Si vibaya. Ila ukiniuliza mimi, nitakwambia kaombe kazi ya kuandaa matoleo, yaani kukusanya mabadiliko, kuyajaribu na kuyafikisha kwa watumiaji, kazi ambayo miradi huitafutia mtu na watu wakaikwepa.

Wanaikwepa kwa sababu haimpi mtu jina. Msimamizi wa toleo hakumbukwi kwa alichobuni. Yeye hukumbusha, hufuatilia, hujaribu, kisha humwambia aliyekesha akiandika kwamba kazi yake itangoja toleo lijalo. Kwenye kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo wa kuendesha kompyuta, mambo mapya ya kila toleo hupokelewa kwa wiki mbili tu. Baada ya hapo ni marekebisho, na toleo la majaribio hutoka karibu kila wiki hadi mambo yatulie. Aliyechelewa amechelewa. Ubuntu nao, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, hutoa matoleo Aprili na Oktoba, lakini mwaka 2006 la Aprili lilisogezwa hadi Juni, likaitwa 6.06, yaani mwaka 2006, mwezi wa 6. Kuahirisha mbele ya watu wote kunataka moyo. Napenda.

Sasa sisi wa Uganda inatuhusu nini? Chukua OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza 2004. UgandaEMR, inayotumika katika vituo vyetu vya afya, imejengwa juu yake. Toleo jipya likiwashwa mara ya kwanza, huenda likahitaji kubadilisha muundo wa hifadhidata. Kwenye kompyuta mpya ya mtaalamu hilo halichukui muda. Kwenye seva kuukuu ya kituo cha wilayani, yenye kumbukumbu za miaka, skrini inaweza kukaa kimya mpaka karani akadhani imekwama, akaizima katikati. Nani ataandika kwenye maelezo ya toleo: "Hifadhi nakala kwanza, anza jioni kliniki ikishafungwa, hakikisha betri ya akiba imejaa, na usizime"? Ni yule anayemjua huyo karani.

Anza na toleo la majaribio. Lisakinishe kwenye mashine dhaifu kuliko zote ulizo nazo, kwa data ya kubuni (za wagonjwa usiziguse), uandike kilichoharibika na hatua zilizokufikisha hapo, ili mwingine aweze kuzirudia. Ukifanya hivyo toleo baada ya toleo, watakuzoea. Kubernetes, mradi wa programu ya kuendesha programu nyingine kwenye seva nyingi, wana utaratibu rasmi kabisa wa kumweka mwanagenzi kando ya kiongozi katika timu ya toleo.

Sharti langu ni moja: awepo mwenzako, tena anayeishi nchi nyingine, mwenye ufunguo wake wa kutia saini matoleo, yaani ufunguo wa siri wa kidijitali unaothibitisha kwamba toleo limetoka kwa mradi wenyewe. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Hitilafu ya usalama ikizuka siku kama hizo na ufunguo pekee uko Ntinda, hapa Kampala, watumiaji wote watakaa wakikungoja wewe. Mradi usiotaka watu wawili kwa kazi hiyo, mimi singeupokea.