Vumbi la Goma na jiko la Ayurveda

Kiangazi kikiingia Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, chafya zinaanza kusikika kabla maduka hayajafunguliwa. Mawe meusi ambayo volkano ya Nyiragongo iliyatapika Januari 2002, na tena Mei 2021, yanasagwa barabarani na magari, pikipiki na chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hadi yanakuwa unga, na unga huo tunauvuta puani. Wenye aleji, yaani mzio, wanajua. Siku hizi baadhi yao wanatumiana kwenye simu mafundisho ya Ayurveda, tiba ya India yenye zaidi ya miaka 2,000: kunywa maji moto, tia manjano, acha maziwa, lala mapema.

Ayurveda inasema mwili unatawaliwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kwamba kamasi nyingi ni kapha iliyozidi. Daktari anasema kinga ya mwili imemdhania adui asiyekuwepo, ikamwaga histamini, kemikali inayoleta chafya na kamasi. Maelezo haya hayapatani, na sioni haja ya kuyapatanisha. La kujiuliza ni kipi kinafaa kufanywa.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi kidogo, wanakoita neti, kunafaa. Utafiti wa hospitali nao unakubali kwamba kunapunguza mafua ya mzio. Ila kwetu sharti ni moja: maji ya bidoni (dumu) yaliyotoka ziwani yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yaingie puani. Tangawizi na manjano? Vinapasha koo joto, havidhuru mchuzi, lakini manjano ya sufuriani hufyonzwa kidogo sana tumboni. Kula basi, usiyaite dawa.

Kwenye miiko ya chakula ndipo ninapokaza. Wanakataza maziwa, mtindi, jibini na ndizi, eti vinaongeza kapha. Mtu mzima anayekula vizuri anaweza kujaribu kuacha kimoja kwa wiki mbili, kisha akirudishe aone. Mtoto wa mtaa wa Ndosho ambaye sahani yake ni bugali na sombe (ugali na kisamvu), ukimnyima maziwa yanayotoka Masisi kwa sababu anapiga chafya, umempunguzia nini hasa? Mzio wa kweli wa chakula una sura nyingine. Mtu anakula sambaza, samaki wadogo wa ziwani, au karanga, na baada ya dakika chache midomo inavimba, pumzi inakata. Huyo anahitaji adrenalini hospitalini, haraka, na chakula hicho asikiguse tena. Mwenye pumu naye asiweke pembeni pampu yake kwa ajili ya kikombe cha viungo.

Halafu kuna moshi. Jioni baridi ikishuka, mbabula, jiko la makaa, inaingizwa ndani ya nyumba ya mbao na madirisha yanafungwa. Kuitoa nje, na kufuta sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kutimua vumbi kwa ufagio, naamini kutaisaidia pua kuliko manjano ya mwezi mzima.

Vidonge na unga wa pakiti ndivyo vinavyonitisha. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti. Karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini ya sumu: risasi (ledi), zebaki au aseniki. Nyingine hutiwa madini hayo makusudi, kwa kufuata mapokeo. Na ukimuuliza muuzaji ndani mna nini, anakuonyesha picha ya jani kwenye boksi.