Simu haijaua baraza, lakini imetupa udhuru

Lawama kwamba simu imewanyamazisha watu husikika kila mtaa wa Lamu. Wazee huirudia wakitoka msikitini baada ya Alasiri, na kina mama huirudia mtoto anapoitwa mara tatu asiitike. Vijana nao wana jawabu: hawajanyamaza, wanazungumza kutwa kucha, ila aliyekaa kando yao hasikii. Kila upande una haki yake, na kila upande unatazama kipande kinachoufaa.

Kuna kilichopotea kweli. Baraza, yaani viti vya mawe vya mbele ya nyumba katika Mji wa Kale, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, hazikujengwa kwa mapambo. Mgeni wa kiume alipokelewa hapo nje, kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, ili wa ndani wabaki na sitara yao. Njia ni nyembamba, gari halipiti, na kila apitaye, awe na punda au peke yake, hupita karibu na magoti ya waliokaa. Salamu haikwepeki, na habari hufuata salamu: jahazi lipi limerudi, samaki wanauzwaje leo, nani amelazwa. Siku hizi habari hizo zimeshafika simuni kabla mtu hajavaa kofia yake. Aliyekuwa akitoka kwa ajili ya kuzisaka hana tena haja ya kutoka. Kazi hiyo baraza imepokonywa, na sidhani itarudishiwa.

Lakini kudai kwamba kifaa kikiingia mkusanyiko huvunjika ni kusahau historia yetu wenyewe. Miaka ya 1970 mashairi ya siasa yalijibizana hapa Lamu kwa kaseti. Mmoja akitunga, mwingine akighani, kaseti ikipita mkono kwa mkono, na watu wakikaa pamoja kuisikiliza na kuibishania. Sauti ya asiyekuwepo ndiyo iliyowakusanya waliopo. Ukikaa Mkunguni jioni, mbele ya ngome, utaona jambo linalofanana na hilo. Mtu anafungua ujumbe wa sauti wa nduguye aliye Mombasa au Jeddah, anaongeza sauti, anaiweka simu juu ya goti. Wenzake wanaacha vikombe vya kahawa na kuinama. Ukiisha, mmoja anasema, "Hebu rudisha pale kati," mwingine anabisha, wa tatu anaapa kwamba alisikia vingine. Dakika moja iliyorekodiwa mbali imezaa nusu saa ya mazungumzo ya uso kwa uso.

Hata watafiti walilazimika kulitazama upya suala hili. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake, waliofuatilia familia 73 za Pittsburgh, Marekani, zilizokuwa ndio kwanza zinapata intaneti, waliandika kwamba walioitumia zaidi walipunguza mazungumzo na watu wa nyumbani na kuzidiwa na upweke. Walipowarudia watu hao na kuchapisha matokeo mapya mwaka 2002, madhara mengi yalikuwa yamefifia. Wakaona pia kwamba faida huelekea zaidi kwa aliye mchangamfu na mwenye watu wa kumshika mkono. Naamini ndivyo ilivyo kwetu. Mwenye watu, simu humwongezea. Asiye nao, humpa kelele tu.

Kisha kuna jambo ambalo wanaoililia baraza hulipita kimya: baraza ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa na njia zao. Palikuwa na wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, wakatembeleana bila kushuka chini. Palikuwa na ziara za jioni na siku za harusi. Lakini aliyeolewa Pate au Faza, mwenye watoto wadogo, na boti inayongoja maji kujaa, aliweza kukaa miezi asimwone dada yake. Leo asubuhi anasikia sauti yake kabla chai haijachemka. Mwingine anapokea oda za mahamri na sambusa za Ramadhani kwa simu, na wateja wanaokuja kuchukua hukaribishwa ndani, wakakaa, wakazungumza. Huyu simu haikumnyang'anya baraza. Imemletea watu mlangoni. Hesabu yoyote ya hasara isiyomtia huyu ndani yake ni nusu hesabu.

Na tumewahi kupimwa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka usiku iliyodumu miezi, na mwaka 2020 korona ikaleta nyingine nchi nzima. Baraza zilibaki tupu usiku, tukajuliana hali kwa simu. Amri zilipoondolewa watu walirudi kukaa. Kama kioo cha simu kingetosha, nani angerudi kwenye jiwe gumu?

Ninaposimama na wazee bila kusita ni kwenye msiba. Tangazo la kifo kwenye grupu la familia ni neema: maziko yetu hayangoji, na walio Wiyoni, Matondoni na Mombasa wanajua kwa pamoja. Linalonichoma ni linalofuata. Maneno ya kurejea kwa Mwenyezi Mungu yananakiliwa na kubandikwa, moja chini ya jingine, na wengi wa wanaoyabandika wako vichochoro viwili kutoka nyumba ya mfiwa. Kwa aliye Jeddah, huo ndio mwisho wa uwezo wake, na mfiwa anaupokea hivyo. Kwa jirani, ni udhuru. Kuhani ni kufika, kumshika mfiwa mkono na kukaa naye, hata bila neno. Tangazo linalotaja msikiti, nyumba na saa ya kisomo hujaza mkeka. Lisilotaja hayo huzaa pole za simuni na mkeka mtupu.

Ugomvi nao una balaa lake. Mirathi ikizozaniwa barazani, sauti zikipanda, mzee mmoja husema, "Mswalieni Mtume!" Wote huitikia, hata mwenye hasira, na katika kuitikia huko pumzi hurudi. Kwenye grupu maneno hayo hufika yakiwa yamechelewa, chini ya majibu saba makali, na lile neno baya la kwanza bado liko juu, linasomeka, na picha yake imeshatumwa Dubai. Mmoja hujitoa kwenye grupu, mwingine humfuata. Nimeziona familia zikivunjika hivyo. Zilizopatana, katika nilizoziona, hakuna iliyopatana kwa kuandikiana. Ilibidi mtu avae viatu, akabishe hodi, wenye ugomvi wakalishwe chumba kimoja na chai iletwe, hata kama saa ya kwanza hakuna aliyeigusa.